Mapigo Yasiyo na Mpangilio na Kiharusi: Kilimanjaro Tunatuliza Moyo, Tunasahau Damu

Mzee wa miaka sabini anapofika kwenye zahanati ya Machame, Kibosho au Marangu kupimwa presha, mara nyingi hufungwa mkononi mkanda wa mashine ya betri, mashine ikavuma kidogo, kisha zikatokea namba tatu. Mbili za kwanza huandikwa kwenye daftari lake na kuzungumzwa. Ya tatu, inayoonyesha idadi ya mapigo kwa dakika, husomwa juu juu au haisomwi kabisa. Hata ikisomwa, katika mashine nyingi za kawaida haisemi jambo ambalo kwa mzee huyo lina uzito sawa na presha yenyewe, nalo ni kama mapigo hayo yanafuatana kwa nafasi sawa au yanakuja ovyo, mawili ya karibu, moja la mbali, jingine dhaifu kiasi cha kutofika mkononi. Moyo unaopiga mara 84 kwa utaratibu na moyo unaopiga mara 84 bila utaratibu wowote huandikwa namna moja kwenye daftari, ilhali huo wa pili huenda unatengeneza donge la damu litakalompooza mwenye nao.

Hali hiyo kitaalamu huitwa fibrilesheni ya atria. Katika moyo wenye afya, amri ya umeme hutoka katika kituo kimoja kilichopo atria ya kulia, yaani chumba cha juu cha kulia, husambaa kwa taratibu yake, na vyumba vya juu hukaza kwanza kabla ya vile vya chini. Katika ugonjwa huu amri hutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, hivyo atria hazikazi tena bali hutetema tu, na damu iliyopaswa kusukumwa yote hubaki nyuma, hasa katika kifuko kidogo kilichochomoza kando ya atria ya kushoto. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaoijua mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa wanajua kwamba maji yanayopita kwa kasi hayaachi tope, na kwamba pale yanapotuama ndipo tope hujikusanya. Damu iliyotuama huganda, na donge likichomoka husafiri kupitia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hadi mishipa ya shingo, likakwama ndani ya ubongo. Watafiti wa Framingham, Marekani, waliowafuatilia wakazi wa mji huo kwa miongo kadhaa, walionyesha mwaka 1991 kwamba mwenye hali hii ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya yule asiye nayo. Viharusi vya namna hii pia huwa vikali kuliko vingine, kwa sababu donge linalotoka moyoni linaweza kuwa kubwa na kuziba mshipa mkuu kwa ghafla.

Matibabu yake yana kazi mbili zinazotofautiana sana. Kazi ya kwanza ni kuyashughulikia mapigo yenyewe, ama kwa kupunguza kasi yake, ama kwa kuyarudisha katika mpangilio kwa dawa, kwa mshtuko wa umeme, au kwa kuunguza sehemu zinazotoa amri za vurugu kwa kutumia mrija unaopitishwa katika mshipa wa paja. Kazi ya pili ni kuizuia damu isigande. Mgonjwa huihisi ile ya kwanza, kwa maana moyo huacha kwenda mbio, pumzi hurudi na usingizi huja. Hii ya pili haihisi hata kidogo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kinga dhidi ya kiharusi imekaa zaidi katika kazi ya pili, na kwamba huduma zetu, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa, zimepangwa kana kwamba imekaa katika ile ya kwanza.

Ushahidi wenye uzito ulitolewa mwaka 2002 na utafiti wa Amerika ya Kaskazini uitwao AFFIRM. Wagonjwa 4,060, wengi wao wazee, waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja likatibiwa kwa lengo la kurudisha mpangilio wa mapigo, jingine likaachwa na mapigo yake holela ilimradi kasi idhibitiwe. Wengi walitarajia kwamba kundi la kwanza lingeishi muda mrefu zaidi, na halikuishi zaidi. Kwa mada yetu, hata hivyo, hesabu ya kutazamwa ni ya viharusi. Havikupungua kwa wale waliotibiwa ili mpangilio urudi, na sehemu kubwa ya viharusi vya kuziba, katika makundi yote mawili, iliwapata watu waliokuwa wameacha wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au ambao damu yao haikuwa imefikia kiwango cha kinga. Katika kundi la kwanza madaktari walikuwa wameruhusiwa kusitisha wafarini moyo ukishatulia kwa wiki kadhaa, na ruhusa hiyo ndiyo iliyowagharimu wagonjwa. Mpangilio uliorudi leo unaweza kupotea kesho usiku bila mwenyewe kujua, na donge halisubiri apate dalili.

Ni haki kusema kwamba mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2020 utafiti wa Ulaya uitwao EAST-AFNET 4 ulionyesha kwamba wagonjwa walioanzishiwa mapema matibabu ya kurudisha mpangilio, ndani ya mwaka mmoja tangu wagundulike, walipata pungufu kwa takriban asilimia 21 ya jumla ya vifo vya moyo na mishipa, viharusi, na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi au kwa mshtuko wa moyo, wakilinganishwa na waliotibiwa kwa kawaida. Wako wanaousoma utafiti huu kama ruhusa ya kutanguliza mpangilio, na familia zenye uwezo huanza kuulizia safari ya Dar es Salaam au India. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Takriban washiriki tisa kati ya kila kumi, katika makundi yote mawili, walikuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Faida ile iliongezwa juu ya msingi ambao kwetu bado haujawekwa.

Kwetu mambo huenda hivi. Mama wa miaka sitini na kitu anafika hospitali akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio na kwamba pumzi inamwishia akipanda kutoka barabara ya lami kwenda nyumbani. Anapimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, tatizo linaonekana, anaandikiwa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, digoksini au ya jamii ya atenololi, pamoja na ile ya kupunguza maji mwilini. Baada ya wiki mbili analala vizuri, miguu haijavimba, na wanawe wanashukuru kwamba mama amepona. Kama hakuandikiwa dawa ya damu, hakuna atakayeiulizia, kwa kuwa hakuna dalili inayoikumbusha. Kama aliandikiwa, ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukatwa siku ambayo mauzo ya ndizi hayakutosha, kwa sababu akiacha ile ya kasi ataona tofauti kesho yake, lakini akiacha hii haoni kitu, wala mwezi huu wala ujao.

Mara nyingi nafasi ya dawa ya damu hujazwa na aspirini ndogo ya miligramu 75. Nasema wazi kwamba desturi hii ina madhara zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu inampa mgonjwa na daktari wake utulivu usio na msingi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafarini hupunguza viharusi kwa takriban theluthi mbili kwa wagonjwa wenye fibrilesheni ya atria, ilhali aspirini na dawa za jamii yake hupunguza kwa takriban moja ya tano tu. Wapo wanaojitetea kwamba aspirini ni salama zaidi. Utetezi huo ulipata jibu mwaka 2011, pale apiksabani, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ilipolinganishwa na aspirini kwa watu walioonekana hawafai kupewa wafarini: viharusi vilipungua kwa zaidi ya nusu, na kutokwa damu kwingi hakukutofautiana kwa kiasi cha maana. Miongozo ya Ulaya haipendekezi tena aspirini peke yake kwa lengo hili. Aspirini inabaki na kazi yake kwa aliyepata mshtuko wa moyo au aliyewekewa mrija kwenye mishipa ya moyo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Hofu iliyo nyuma ya aspirini ni hofu ya damu, na hofu hiyo si ya kudharau. Mzee anayetumia wafarini akianguka na kugonga kichwa anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu, na daktari aliyemwandikia ataulizwa na ukoo mzima, ilhali daktari ambaye hakumwandikia, mzee akapooza, haulizwi na mtu, maana kiharusi huchukuliwa kuwa mipango ya Mungu. Lawama hizo zisizolingana zinaeleza mengi kuhusu namna dawa zinavyoandikwa. Hesabu zenyewe zinasema vingine. Watafiti wa Kanada walikokotoa mwaka 1999 kwamba mzee mwenye hatari ya wastani ya kiharusi angelazimika kuanguka takriban mara 295 kwa mwaka ndipo madhara ya wafarini kutokana na kuanguka yazidi manufaa yake. Hata kwenye vijia vyenye utelezi vya migombani msimu wa masika, sijui mzee anayefikia idadi hiyo. Mwaka 2007 utafiti wa Uingereza uliowahusisha watu 973 wenye umri wa miaka 75 na zaidi ulikuta kwamba waliopewa wafarini walipata kiharusi kikubwa au madhara yanayofanana nacho kwa kiwango cha asilimia 1.8 kwa mwaka, dhidi ya asilimia 3.8 kwa waliopewa aspirini, na kuvuja damu hakukuwa kwingi zaidi upande wa wafarini. Umri mkubwa, kwa hiyo, ndio sababu ya kutoa dawa. Ndiyo maana katika hesabu ya alama inayotumika duniani kupima hatari ya kiharusi, kutimiza miaka 75 kuna alama mbili, sawa na kuwahi kupata kiharusi, wakati presha, kisukari na moyo kushindwa kazi vina alama moja moja.

Hapa msomaji makini anaweza kuuliza kama tatizo hili lipo kweli katika mkoa wetu. Swali hilo ni zuri, na kwa bahati Kilimanjaro ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika zilizolifanyia kazi nyumba kwa nyumba. Katika wilaya ya Hai, watafiti walipima zaidi ya wazee 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wenye fibrilesheni ya atria hawakufika hata mmoja kati ya mia. Ulaya na Marekani, katika umri huo, ni kawaida kukuta watano hadi kumi kati ya mia. Mtu anaweza kuchukua namba hiyo na kuhitimisha kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu na kwamba tuna mambo ya maana zaidi ya kushughulikia.

Mimi sifiki huko. Kwanza, ECG moja hunasa sekunde kumi za maisha ya moyo, na kwa wagonjwa wengi vurugu huja na kuondoka, leo kwa saa tatu, wiki ijayo siku nzima. Pili, utafiti wa nyumbani huwahesabu walio hai. Palipo na tiba hafifu, wenye hali hii hufa mapema na hawapo wakati wa kuhesabiwa, hivyo idadi ndogo inaweza kuwa ushahidi wa vifo kuliko wa afya. Tatu, utafiti ule uliwahusu wazee, na sehemu kubwa ya wagonjwa wetu si wazee, kama nitakavyoeleza. Nakubali, hata hivyo, jambo moja ambalo namba hizo zinatulazimisha kukubali: viharusi vingi vya Kilimanjaro havitokani na mapigo holela bali na presha. Katika utafiti mwingine wa Hai, takriban wazee saba kati ya kumi walikuwa na presha ya juu, na walio wengi hawakuwa kwenye tiba inayoidhibiti. Kati ya mwaka 2003 na 2006, viharusi vipya vilivyohesabiwa huko na kusawazishwa kwa umri vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na jijini Dar es Salaam takriban 316. Hakuna atakayedai kwamba pengo hilo limeletwa na fibrilesheni ya atria. Anayetaka kupunguza viharusi mkoani aanze na presha. Lakini presha hiyohiyo isiyotibiwa ndiyo inayotanua atria mwaka baada ya mwaka mpaka mapigo yake yanaharibika, kwa hiyo anayemtafuta mgonjwa wa presha tayari amesimama mbele ya mgonjwa wa pili bila kumwona.

Sasa niwageukie wagonjwa wasio wazee, kwa sababu hapo ndipo ushauri unaotoka nje ya nchi hutupotosha zaidi. Katika mazingira yetu, sehemu kubwa ya mapigo holela kwa watu wa miaka ishirini hadi hamsini hutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, inayoanza na koo lililoachwa bila antibiotiki na kuishia na valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyosinyaa. Damu hupita kwa shida kwenye valvu hiyo, atria ya kushoto hutanuka, na hatari ya donge huwa kubwa kuliko ya mzee wa Ulaya mwenye valvu nzima. Rejista ya kimataifa iitwayo REMEDY, iliyojumuisha nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemeni na kuchapishwa mwaka 2015, ilikuwa na wagonjwa 3,343 wenye umri wa kati wa miaka 28 tu, theluthi mbili wakiwa wanawake. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na fibrilesheni ya atria. Miongoni mwa waliopaswa kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, takriban saba kati ya kumi walikuwa wameandikiwa, lakini waliokutwa na kipimo cha damu kilichofikia lengo hawakufika hata theluthi moja.

Kipimo hicho ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Kwa mgonjwa wetu hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga hupungua kwa haraka, na juu ya 4 hatari ya damu kuvuja ubongoni hupanda kwa haraka vilevile. Wafarini ni dawa ya zamani, iliyotokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Marekani waliokuwa wakivuja damu baada ya kula majani yaliyooza, na iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Ni ya bei nafuu. Kinachogharimu ni kuijua dozi yake, kwa sababu dozi inayomtosha mmoja humzidi mwenzake, na dozi iliyomtosha mtu mwezi wa tatu inaweza isimtoshe mwezi wa sita.

Sababu zake ziko jikoni na dukani. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo ndiyo wafarini inapambana nayo, na nyumba nyingi za Uchagani hula mnafu, mchicha au figiri karibu kila siku mvua zikinyesha, kisha kwa uchache zaidi kiangazi kikikaza. Ushauri wa kumkataza mgonjwa mboga, ambao bado hutolewa, ni mbaya. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana, na kupima tena pale msimu unapobadilika. Mbege na pombe nyingine huvuruga dozi, na zaidi ya hapo huvuruga mapigo yenyewe: jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba wanywaji wa kawaida walioacha pombe walipungukiwa na kurudi kwa fibrilesheni. Kisha kuna duka la dawa. Septrini na Flagyl, zinazonunuliwa kwa kikohozi au tumbo, hupandisha INR mara nyingi bila mgonjwa kuonywa. Diklofenaki ya maumivu ya magoti huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha INR kwa nguvu, kiasi kwamba mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu, tuseme katika hospitali ya Kibong'oto, huhitaji dozi kubwa zaidi, na akimaliza tiba hiyo bila kupunguziwa wafarini huingia katika hatari ya pili.

Kwa maelezo haya, msomaji anaweza kuona kwamba jibu ni kuachana na wafarini na kuhamia kwenye dawa mpya, yaani dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji INR, hazigombani na mnafu, na huleta kuvuja kwa damu ubongoni kuchache zaidi. Tangu mwaka 2019 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa mzee mwenye valvu nzima naziunga mkono bila kusita, ilimradi figo zake zipimwe kwanza na zirudiwe kupimwa, na ilimradi ajue kwamba dozi moja au mbili zilizorukwa zinamwacha bila kinga. Hata hizo hudhoofishwa na rifampisini.

Lakini kwa mwenye valvu ya rumatiki jibu ni jingine. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 ukiwa na zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wengi wao wanawake wenye wastani wa miaka hamsini, uliilinganisha rivaroksabani na wafarini na dawa za jamii yake. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde au angalau ilingane. Waliopewa wafarini ndio waliokufa wachache zaidi, na bila kuvuja damu zaidi kwa kiasi cha maana. Wapo wanaosema kwamba tofauti hiyo ililetwa na kule kukutana na daktari kila mwezi kwa ajili ya INR. Hata ingekuwa hivyo, nisingeona sababu ya kuidharau, kwa sababu mkutano huo ni sehemu ya tiba. Kwa Kilimanjaro maana yake ni kwamba hatuwezi kukikimbia kipimo cha INR kwa kununua kidonge cha gharama. Wagonjwa wetu walio vijana, ambao wana miaka mingi zaidi ya kupoteza, watabaki wakikihitaji. Na kwa kuwa wengi wao ni wanawake wa umri wa kuzaa, lazima iongezwe kwamba wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa katika wiki za mwanzo, wala dawa mpya hazifai katika ujauzito. Binti anayeandikiwa dawa hii bila kuulizwa kuhusu uzazi na kuunganishwa na kliniki ya mama ameandikiwa nusu ya matibabu.

Tatizo, kwa hiyo, ni umbali kati ya mgonjwa na kipimo. Kwa anayeishi Pasua au Majengo, mjini Moshi, kwenda kupima INR katika hospitali kubwa za mjini ni asubuhi moja. Kwa anayeishi Rombo, Same au milima ya Mwanga, ni nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi iliyopotea, na pengine usiku kwa ndugu kwa sababu majibu yanatoka jioni. Akifanya hivyo kila mwezi maisha yake yote, gharama ya nauli itaipita mbali bei ya dawa. Teknolojia ya kuliondoa tatizo hili ipo: vifaa vya mkononi vinavyotoa INR kwa tone la damu ya kidole ndani ya dakika chache. Nasi tunao mfano wa kufuata uliojaribiwa hapahapa. Kliniki za CTC zimewaweka watu wenye virusi vya UKIMWI kwenye dawa ya kila siku kwa miaka mingi, zikiwa na tarehe za kurudi, rejista ya wasiorudi, na muuguzi anayejua nani wa kumpigia simu. Sioni kwa nini mgonjwa wa wafarini asihudumiwe katika kituo cha afya kilekile na kwa utaratibu uleule, mara moja kwa mwezi, daktari wa moyo akibaki kwa ajili ya kesi ngumu.

Kabla ya hapo, hata hivyo, mgonjwa lazima apatikane, na hapa sitaki kuwaunga mkono wanaotaka saa za kisasa na vifaa vya kupandikizwa kifuani. Denmark ilivijaribu vifaa hivyo vya kifuani kwa watu 6,004 wenye miaka 70 hadi 90, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba viligundua fibrilesheni mara karibu tatu zaidi, lakini viharusi havikupungua kwa kiasi kinachothibitika. Vipindi vifupi vinavyogunduliwa na mashine inayochunguza usiku na mchana huenda si hatari kama vile vinavyoonekana waziwazi. Utafiti mwingine wa Uingereza, nao wa mwaka 2007, unatufaa zaidi. Kwa watu wenye miaka 65 na zaidi, kuwashika mkono walipofika kliniki kwa shida nyingine yoyote, kisha kumpima ECG yule ambaye mapigo yake yana kasoro, kulipata wagonjwa wapya wengi sawa na kumwita kila mtu aje apimwe ECG. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa dakika moja ya saa ya ukutani, havihitaji umeme wala bajeti. Vitakosea, kwa maana wengi watakaotiliwa shaka watakutwa na mapigo ya ziada yasiyo na hatari, na ndiyo sababu ECG lazima iwepo katika kituo cha afya kilicho karibu na isiwe hospitali ya wilaya pekee. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufundishwa jambo hili kwa siku moja, na wanaingia nyumba ambazo daktari haingii.

Wodini pia kuna upungufu wa aina hiyohiyo. Mgonjwa aliyepata kiharusi hupigwa picha ya CT pale inapopatikana, ili ijulikane kama ni damu iliyovuja au mshipa ulioziba, na bila picha hiyo haifai kabisa kumwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda. Lakini akishathibitika kuwa na mshipa ulioziba, ECG moja iliyotoka safi siku ya kulazwa haitoshi kumwondolea shaka. Irudiwe kabla hajaruhusiwa, na irudiwe tena katika kliniki, kwa kuwa mtu aliyepata kiharusi kimoja ndiye aliye karibu zaidi na cha pili, na ndiye atakayefaidika zaidi na kidonge ambacho hakuna mtu mwingine atakayemkumbusha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kinachobaki kubishaniwa ni yaliyomo kwenye vitita, yaani orodha za huduma zinazolipiwa. Ningependa wanaovipanga wasiiweke dawa ya kuzuia damu kuganda kama mstari mmoja kwenye orodha. Kwa mwenye valvu ya rumatiki kitita kilipe wafarini pamoja na INR ya kila mwezi inayopimwa katika kituo cha afya, pamoja na ECHO, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya kufuatilia valvu. Kwa mzee mwenye valvu nzima kilipe mojawapo ya dawa mpya kwa jina lake la asili, si la kibiashara, ili zile za bei nafuu zinazotengenezwa India zitumike, pamoja na kipimo cha figo angalau mara moja kwa mwaka. Aspirini isikubaliwe kuandikwa kama mbadala kwa lengo la kuzuia kiharusi kwa mwenye mapigo holela, isipokuwa daktari ameeleza sababu kwa maandishi.